Kuzuru Mahali Patakatifu pa Kale Ukiwa na Ulemavu: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Safari nyingi za namna hii huvunjikia kizingitini. Mtu amejipanga kwa miezi, amelipa nauli, amefika mbele ya msikiti au kanisa alilolitamani tangu utotoni, kisha anakuta ngazi tatu ambazo hakuna aliyemtajia. Na aliuliza mapema: "Mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia?" Akajibiwa: "Karibu sana, hakuna shida." Aliyejibu hakusema uongo. Alichofikiria ni kwamba vijana wapo, watambeba.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu swali hilo linaendelea kuulizwa vilevile na kuwaangusha watu vilevile. Unahusu misikiti, makanisa, mahekalu, makaburi ya watakatifu na magofu ya ibada. Historia ya majengo hayo sitaigusa. Ninachotaka ni uingie, uswali au uombe au utazame, kisha utoke ukiwa mzima na heshima yako ikiwa haijaguswa.

Mimi natumia kiti cha kusukuma kwa mikono, kwa hiyo maelezo mengi yanaegemea huko. Wasioona, viziwi, wenye usonji na wenye maradhi yasiyoonekana wana sehemu yao hapo chini. Hatua za kupanga ni zilezile kwa wote.

## Vitu vya kuandaa

- Tepu ya kupimia, na karatasi yenye vipimo vyako: upana wa kiti kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi la pili, urefu wake pamoja na vikanyagio, kimo chako ukiwa umekaa, uzito wa kiti na uzito wako. Viti vingi vya watu wazima vina upana wa sentimita 60 hadi 70. Ongeza sentimita 5 kila upande kwa ajili ya vidole vyako.
- Simu yenye nafasi ya picha na chaji ya akiba.
- Vifaa vya matengenezo: pampu ndogo, viraka vya pancha, spana zinazoingia kwenye kiti chako, kamba za plastiki za kufungia. Mawe ya kale hulegeza nati.
- Glavu, maana mikono ndiyo breki yako kwenye mteremko.
- Mataulo mawili na chupa ya maji, kwa ajili ya magurudumu na ncha za magongo.
- Soksi nene safi, jozi mbili.
- Mto wako wa kukalia, usiuache hata kama utaazimwa kiti kingine huko. Anayechoka haraka abebe kigoda cha kukunja.
- Vifaa vya choo vya kutosha siku nzima na ziada kidogo.
- Kadi yenye sentensi mbili au tatu kwa lugha ya wenyeji: "Tafadhali niulize kabla ya kunishika," "Nahitaji kukaa," "Choo kisicho na ngazi kiko wapi?"

Kuhusu rampu ya kukunja, fanya hesabu kabla ya kuinunua. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za rampu. Kizingiti cha sentimita 15 kinadai rampu ya mita 1.8. Rampu ya sentimita 90, ambayo ndiyo inayobebeka kirahisi, inafaa kizingiti cha sentimita 7 hivi. Zaidi ya hapo kiti kinaweza kupinduka kwa nyuma.

Kuhusu msaidizi, nguvu za mwili si sifa ya kwanza. Chagua mtu anayesikiliza. Mwenye nguvu asiyesikiliza atakuinua ulipomwambia asubiri.

## Hatua ya 1: Amua unaendea nini hasa

Andika sentensi moja tu: "Naenda ili..." Ili kuswali ndani. Ili kugusa kaburi. Ili kuona michoro ya dari. Ili kusikiliza kwaya. Kisha gawa mambo mafungu mawili: la lazima, na ya kutamani.

Hatua hii inakuja kwanza kwa sababu mahali pa kale ni nadra kufikika pote, na asiyejua anachoendea humaliza nguvu zake kwenye jambo la pembeni. Tazama Basilika ya Mtakatifu Petro, Vatikani. Kupanda hadi juu ya kuba ni ngazi 551. Lifti ipo, lakini inakuacha kwenye paa, na kutoka hapo zimebaki ngazi 320 nyembamba. Aliyekwenda kuomba chini ndani ya kanisa haihitaji lifti hiyo hata kidogo.

Uliza pia dini yenyewe inadai nini. Waumini wengi wenye ulemavu hujibebesha mzigo ambao hawakuwekewa. Umm Salama, mke wa Mtume, alipolalamika kwamba anaumwa, aliambiwa atufu, yaani aizunguke Kaaba, akiwa amepanda mnyama, nyuma ya watu. Kutufu juu ya kiti kuna msingi wa siku nyingi, wala si huruma ya wasimamizi wa leo. Ila jua hili mapema: Makka, wenye viti mara nyingi huelekezwa ghorofa za juu, na huko duara ni kubwa kuliko chini karibu na Kaaba. Mizunguko ni saba ileile, mwendo ni mrefu zaidi. Kati ya Safa na Marwa, vilima viwili ambavyo mahujaji huenda na kurudi kati yake, kuna njia za viti katikati, zimetengwa na watembea kwa miguu. Nguvu za mikono au chaji ya betri zipangiwe mwendo huo.

Ukiweza kumwambia mtu sentensi yako bila kusitasita, endelea na hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Fuata njia yote kwa macho kabla ya kwenda

Ziara ni mnyororo. Anza pale unaposhuka garini: ukingo wa barabara, lango, ukaguzi wa mizigo, tiketi, uwanja, kizingiti, mahali pa kuvulia viatu, sakafu ya ndani, mahali ulipoendea, choo, kisha njia ya kutokea. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazikusaidii.

Mont-Saint-Michel, kisiwa cha Ufaransa, inaonyesha jambo hili wazi. Mwenye kiti anaweza kufika hadi kisiwani kwa usafiri wa umma, akadhani kazi imekwisha. Abasia yenyewe, yaani nyumba ya watawa inayoendewa na wageni, iko juu, na njia ya kuifikia ina ngazi karibu 350.

Tumia ramani zenye picha za angani na za mitaani. Kisha tafuta picha zilizopigwa na wageni wa kawaida, kwa kuwa picha rasmi hupenda minara na madari, na sakafu hukatwa. Picha ya familia iliyosimama mlangoni itakuonyesha kizingiti kinafika wapi kwenye miguu yao. Tazama vilevile kama kuna mkono wa kushikilia, mawe ni laini au yana mapengo, na mlango una ubao mmoja au mbili.

Njia ya kutokea husahaulika sana. Sehemu nyingi zenye wageni wengi huendesha watu upande mmoja: mnaingia kwa mlango wa tambarare, mnatokea kwa ngazi, na walinzi hawapendi mtu arudi kinyume cha umati. Ujue hilo ukiwa bado nyumbani.

Mwisho wa hatua hii uwe na orodha ya pete zote, na mbele ya kila moja umeandika "najua" au "sijui". Zile "sijui" ndizo zinazokwenda hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Uliza vipimo, usiulize ruhusa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Neno "panafikika" kila mtu ana maana yake. Kwa mtunza kanisa maana yake ni kwamba bibi mmoja mwenye fimbo huja kila Jumapili. Kwa wakala wa utalii maana yake ni kwamba gari linafika karibu. Namba haina tafsiri mbili. Ukiuliza "Ngazi ngapi?" na "Kila ngazi ina kimo gani?", mtu atalazimika kwenda kutazama, na akitazama ataona mambo ambayo amekuwa akiyaruka kila siku.

Tuma ujumbe mfupi kama huu:

> Salaam. Ninatarajia kuja kuswali/kuomba/kutembelea tarehe fulani. Natumia kiti cha magurudumu chenye upana wa sentimita 66; sitembei kabisa. Naomba unisaidie mambo haya:
> 1. Kutoka gari linaposimama hadi mlangoni kuna ngazi ngapi, na kila moja ina kimo gani?
> 2. Mlango mwembamba kuliko yote njiani una upana gani ukiwa wazi?
> 3. Vitu vizito vyenye magurudumu, kama spika au mikokoteni ya usafi, vinaingizwa kwa mlango upi?
> 4. Choo cha karibu kisicho na ngazi kiko umbali gani?
> 5. Siku hiyo funguo atakuwa nazo nani, na nimpigie kwa namba gani?
> Ukiweza kunitumia picha ya mlango na ya sakafu nitashukuru sana.

Swali la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Majengo mengi ya kale yana mlango wa pembeni ambao wageni hawaonyeshwi. Mwenyeji hauhesabu kuwa mlango wa kuingilia kwa sababu hauna fahari. Wewe fahari huihitaji, unahitaji sakafu ya usawa.

Usisahau kimo cha mlango. Mlango mkuu wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu, Bethlehemu, una takriban mita 1.2 tu kwenda juu. Mtu mrefu aliyekaa kitini, au aliyefungwa mgongo usiopinda, haingii hapo, hata upana ukitosha. Uliza kama kuna mlango mwingine.

Angalizo: jibu la "tutakusaidia" si jibu. Shukuru, kisha uliza tena: "Mtanisaidiaje? Watu wangapi? Kwa kifaa gani?" Ukiona aibu kurudia swali, kumbuka kwamba aibu ya kukwama mlangoni mbele ya watu ni kubwa zaidi, tena umeilipia nauli.

Hatua imekamilika ukiwa na namba na angalau picha moja kutoka kwa mtu aliyesimama mahali penyewe, pamoja na jina na namba ya mshika funguo.

## Hatua ya 4: Chagua siku na saa

Kwa kawaida siku bora ni ya katikati ya wiki, asubuhi, mbali na Ijumaa mchana, Jumapili asubuhi na sikukuu. Lalibela, Ethiopia, ina makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, na njia zake ni mahandaki na ngazi zilizochakaa. Sikukuu ya Kuzaliwa inapofika, Januari 7, mahujaji hujaa humo bega kwa bega. Umati katika njia nyembamba ni hatari kwa aliye chini ya usawa wa viuno vya watu: hawakuoni.

Kuna mahali mambo yamegeuka. Lourdes, mji wa hija wa Wakatoliki huko Ufaransa, imezoea wagonjwa na wenye ulemavu kwa zaidi ya karne moja. Kuna vigari vya kuvutwa kwa mkono, na wapo watu wa kujitolea ambao kazi yao ni hiyo. Hapo, kwenda msimu wa mahujaji ndiko kunakokupatia msaada. Kwa hiyo uliza: wasaidizi wanakuwepo lini?

Zingatia pia mvua na jua. Mawe yaliyosuguliwa na nyayo za karne nyingi huteleza yakilowa, na marumaru ya uwanjani saa saba mchana huunguza.

## Hatua ya 5: Jaribu nyumbani

Wiki moja kabla, fanya siku nzima kama itakavyokuwa: muda uleule wa kukaa, mzigo uleule, mavazi yaleyale. Nguo ndefu za ibada hunasa kwenye magurudumu, na ni heri ulijue hilo ukiwa nyumbani kuliko ukiwa katikati ya mteremko. Kanzu, baibui au kitenge vikunjwe chini ya mapaja, vibanwe.

Mfundishe msaidizi kupandisha na kushusha kiti kwenye ngazi moja halisi. Kiti cha umeme kinaweza kufika kilo 100 na zaidi kabla hujakikalia, kwa hiyo chenyewe hakibebwi. Ukiwa nacho, ama njia iwe tambarare yote, ama uazime kiti chepesi huko.

Kama kuna ndege, omba msaada angalau saa 48 kabla, na uwe na maandishi yanayotaja aina ya betri na uwezo wake.

## Hatua ya 6: Ukifika, simama nje kwanza

Usikimbilie mlango. Kaa kivulini, mtume msaidizi aende na simu arekodi video ya njia nzima, akiiinamisha kamera kuelekea chini. Linganisha na picha ulizotumiwa. Rampu ya mbao iliyokuwepo juzi huenda leo imeondolewa, lifti huharibika. Akropoli ya Athene, kilima chenye magofu ya mahekalu ya kale, ilipata lifti mpya na njia za zege Desemba 2020, na hata huko ulizia asubuhi hiyohiyo kama lifti inafanya kazi kabla hujaondoka hotelini.

Kisha mtafute mwenye funguo. Mahali pa kale mamlaka halisi mara nyingi hayako kwa kiongozi wa dini wala mkuu wa ofisi ya tiketi. Yako kwa bawabu. Msalimie kwa heshima anayostahili, umwambie uliwasiliana na nani, umwonyeshe ujumbe. Zungumza mwenyewe. Akimgeukia msaidizi wako na kumuuliza "Anataka nini?", jibu wewe, kwa upole. Msaidizi naye anyamaze. Mkubaliane hilo mapema.

Ukisikia "subiri hapa, naleta ufunguo," umeshafika mbali.

## Hatua ya 7: Viatu, magurudumu na usafi wa mahali

Mahali panapovuliwa viatu, gurudumu la kiti, ncha ya gongo na ncha ya fimbo nyeupe huhesabiwa kama viatu. Wenyeji hawakuchukii wakisita. Wanalinda usafi wa zulia la ibada. Tatua jambo hilo kabla hawajalisema: lowesha taulo la kwanza, futa tairi zote nne mbele yao, kausha kwa taulo la pili. Kumwona mtu akifanya hivyo kwa hiari huwalainisha watu wengi. Mahali pengine wana viti vyao vya ndani. Ukihamia humo, hamisha na mto wako.

Katika Hekalu la Dhahabu la Masingasinga, Amritsar, India, wageni huvua viatu, hufunika kichwa na hupitisha miguu kwenye maji ya kina kifupi mlangoni. Mwenye mguu wa bandia au viatu vya kitabibu aulize pa kupitia mapema, kwa sababu kiungo cha bandia kikilowa huteleza na huchubua ngozi.

Onyo kubwa: kama miguu yako haina hisia, iwe kwa kisukari, ukoma au jeraha la uti wa mgongo, usitembee wala usiburuze miguu peku kwenye mawe yaliyopigwa na jua. Utaungua bila kujua, na kidonda kitakaa miezi. Vaa soksi nene, na ueleze waziwazi: "Ni kwa sababu ya ugonjwa." Baada ya ziara kagua nyayo kwa kioo au kwa kamera ya simu.

Mbwa mwongozaji anahitaji mazungumzo ya mapema. Uingereza, mwaka 2008, baraza moja la sharia la Waislamu lilitoa fatwa iliyomruhusu kijana asiyeona kwenda msikitini na mbwa wake, kwa sharti abaki sehemu ya mlangoni. Mfano huo unaweza kufungua mazungumzo kwingine, ila kila mahali wana uamuzi wao.

## Hatua ya 8: Mawe, mapengo na miteremko

Magurudumu madogo ya mbele ndiyo adui. Yakiingia kwenye pengo la mawe, kiti husimama ghafla na wewe unaendelea kwenda mbele.

Kwenye mawe yenye mapengo, msaidizi akiegemeze kiti nyuma kidogo, magurudumu madogo yawe hewani, mwendo uwe wa polepole. Ikishindikana, geuza kiti, akivute kinyumenyume: magurudumu makubwa hupita mahali madogo yanapokwama. Ukiwa na gurudumu kubwa la kufungwa mbele, hapa ndipo linapolipa gharama yake.

Kwenye mteremko mkali wa kushuka, shuka kinyumenyume, uso wako ukielekea juu, msaidizi akiwa upande wa chini na akitazama nyuma yake. Ukishuka uso mbele, uzito wote unakwenda kwenye magurudumu madogo.

Mtembea kwa magongo ashuke kwa kutanguliza magongo, kisha mguu dhaifu, kisha wenye nguvu. Kupanda ni kinyume: mguu wenye nguvu hutangulia. Kabla ya kuondoka nyumbani badilisha raba za ncha kama zimelika.

## Hatua ya 9: Kubebwa ni uamuzi wako peke yako

Wema wa watu mahali patakatifu ni mkubwa, na ndiyo maana inabidi kuuelekeza. Watakuja wanne, watakushika kila mtu anapoona panafaa, mmoja kwenye kikanyagio, mwingine kwenye kiegemeo cha mkono. Sehemu hizo kwenye viti vingi huchomoka. Kiti kinabaki mikononi mwao na wewe unabaki hewani.

Ukikubali kubebwa, toa amri mwenyewe, kwa sauti:

1. "Shikeni fremu, hapa na hapa." Waonyeshe kwa kidole.
2. "Mtu mmoja tu anahesabu." Mteue.
3. "Tukisema tatu." Wanyanyue pamoja.
4. "Nikisema simama, mnasimama."

Kupanda ngazi, mgongo wako utangulie juu. Kushuka, uso wako utazame chini, wawili wenye nguvu wakiwa nyuma. Ngazi ikiwa ya mzunguko na nyembamba, kataa. Hakuna njia salama hapo.

Ukikataa, sema neno moja na tabasamu, usijieleze sana: "Asanteni, hapa panatosha." Watu wengi tumebebwa tusipotaka kwa sababu tuliona haya kuwavunja moyo waliojitolea. Mwili ni wako, nao watapata mwingine wa kumsaidia.

Tena juu si lazima. Batu Caves, mapango yenye mahekalu ya Kihindu huko Malaysia, ina ngazi 272 za kupanda hadi pango kuu, na chini yake kuna mahekalu mengine yanayosaliwa na waumini walewale.

## Hatua ya 10: Mikono na maombi ya watu

Jambo hili halimo kwenye vitabu vya wasafiri, nalo huumiza kuliko ngazi. Mahali pa ibada watu hukuona kwanza kama wa kuombewa au wa kupewa sadaka. Mtu usiyemjua atakuwekea mkono kichwani. Mwingine ataacha sarafu mapajani.

Andaa maneno yako kabla. Kwa sadaka: "Asante, mimi ni msafiri kama wewe. Mpe anayehitaji." Kwa maombi usiyoyataka: "Nashukuru. Niombee safari njema, bila kunishika." Kama unayataka, yapokee kwa moyo wote, ni haki yako pia. Msaidizi asimame upande ule watu wanakotokea, maana mwili wake unazuia mikono kabla maneno hayajahitajika.

Akija anayedai kwamba imani yako ni haba ndiyo maana hujapona, usijadiliane naye. Geuza kiti, ondoka.

## Kwa asiyeona, kiziwi, mwenye usonji na mwenye maradhi yasiyoonekana

Asiyeona. Omba kibali cha kugusa mapema, kwa kutaja unachotaka kugusa: nguzo, mlango, maandishi ya kuchongwa. Ombi la jumla hukataliwa, ombi mahususi hufikiriwa. Uliza kama kuna kielelezo kidogo cha jengo cha kupapasa. Makanisa makuu kadhaa ya Ulaya yamekiweka nje. Shika kiwiko cha mwongozaji, yeye awe nusu hatua mbele, aseme "ngazi ya kupanda" au "ya kushuka", maana "ngazi" peke yake haitoshi. Funga viatu vyako pamoja kwa kamba yenye fundo unalolijua.

Kiziwi. Vifaa vya kusikiliza maelezo havikusaidii. Omba maandishi au video ya lugha ya alama, na utume ombi kabla ya safari. Ndani ya majengo ya kale kuna giza, kwa hiyo beba tochi ndogo ya kumulika mikono na uso wa mkalimani. Mwenye kifaa cha usikivu atafute alama ya sikio yenye herufi T, akibadilishe kifaa kwenye mpangilio huo, sauti ya kipaza itaingia moja kwa moja.

Mwenye usonji. Kengele, ubani na msongamano vinaweza kuja kwa pamoja. Uliza ratiba ya kengele, beba vizibamasikio, kaeni karibu na mlango, na mkubaliane ishara moja ya kutoka isiyodai maelezo.

Mwenye maumivu, ugonjwa wa moyo au uchovu sugu. Wewe unanyimwa msaada kwa sababu unaonekana mzima. Beba barua fupi ya daktari, na uombe kiti kabla hujachoka, si baada ya hapo.

## Mwili usisahauliwe

Usijizuie kunywa maji ili kukwepa choo. Joto na maji machache huleta maambukizi ya njia ya mkojo. Tumia choo cha mwisho unachokiamini kabla ya kuingia, hata kama hujabanwa.

Ukiwa huna hisia sehemu za chini za mwili, inua makalio au egemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30. Weka kengele ya mtetemo kwenye simu. Ibada ndefu hupitisha saa bila mtu kujua.

Wenye jeraha la uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu: kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu, uso ukawaka na jasho likatoka, kaa wima, legeza nguo, kagua mpira wa mkojo. Presha inapanda na hiyo ni dharura. Msaidizi ajue jambo hili kabla hamjaondoka.

## Ukikataliwa mlangoni

Uliza kwanza sababu: ni ngazi, ni kanuni ya dini, au ni mtu mmoja amekataa? La ngazi lina mlango wa pembeni. La kanuni linahitaji kiongozi, si mlinzi. La mtu mmoja humalizwa na ile namba ya simu uliyopewa kwenye hatua ya tatu.

Usitegemee sheria ikusaidie papo hapo. Marekani, sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu imeziacha nje taasisi za dini katika masharti yake kwa majengo yanayopokea umma. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 30, unazitaka nchi zilizouridhia ziwawezeshe watu wenye ulemavu kufika kwenye makumbusho na, kadiri iwezekanavyo, kwenye maeneo yenye umuhimu wa kitamaduni kwa taifa. Mahali ulipokwenda pakiwa pia ni urithi wa taifa, malalamiko yako yapeleke kwa mamlaka ya mambo ya kale, kwa maandishi, pamoja na picha na vipimo.

Na kama mlango haufunguki kabisa siku hiyo, fanya ibada yako hapo ulipofika. Kisha dai mlango.

## Hatua ya mwisho: Acha vipimo nyuma yako

Kabla ya kulala, andika ulichokiona: idadi ya ngazi na kimo chake, upana wa mlango mwembamba, aina ya sakafu, choo kiko wapi na mlango wake unafungukia wapi, njia ya pembeni na nani ana ufunguo (taja cheo, usitaje jina). Weka picha zinazoonyesha sakafu. Tuma nakala kwa wenyeji wenyewe pamoja na shukrani na pendekezo moja tu linalotekelezeka, kwa mfano: "Ubao wa mita 1.8 ungetosha kwenye kizingiti cha mlango wa kaskazini." Pendekezo moja hufanyiwa kazi, kumi huwekwa kabatini.

Andika na tarehe, ili anayesoma baada ya miaka miwili ajue kwamba inabidi aulize upya.